Nimepata kazi Kisumu, mshahara 35,000. Mbona kila mtu ananitisha?

#1 MtuWaFreeArea
Habari zenu wadau. Nimekulia Nakuru, nimesomea hapo Njoro, na baada ya kutembeza karatasi hadi viatu vikaisha soli nimepata kazi Kisumu. Ni stoo ya muuzaji wa dawa kwa jumla. Barua inasema 35,000 kwa mwezi, miezi mitatu ya majaribio. Nyumba hawatoi, pesa ya kuhama hawatoi. Naripoti mwanzoni mwa mwezi ujao.

Sasa kila ninayemwambia habari hii ananipa pole badala ya hongera. Mjomba aliwahi kufanya kazi huko, anasema pesa ya Kisumu haikai mfukoni. Mimi sielewi. Jiji lina ziwa, mpunga unalimwa Ahero hapo nje, miwa imejaa barabara nzima. Ughali unatoka wapi? Na nikae mtaa gani? Akiba yangu ni kama 40,000, nayo ndiyo ya kila kitu.

#2 JaNyalenda
Karibu omera. Na 35 yako ukiwa huna mtoto wala mke utaishi vizuri. Kisumu haili pesa ya mtu, inakula pesa ya mtu anayetaka kuonekana ufukwe wa Dunga kila Ijumaa.

#3 Mhasibu_Mtoro
Kabla hamjampeleka Dunga, tumpigie hesabu, maana hiyo 35,000 hataiona. NSSF ya uzeeni asilimia 6 ni 2,100. SHIF ya bima ya afya asilimia 2.75 ni 962 na senti. Ushuru wa nyumba asilimia 1.5 ni 525. Hizo tatu zinatolewa kabla ya kukokotoa PAYE, ile kodi ya mshahara, tangu sheria ilipobadilishwa mwishoni mwa 2024, kwa hiyo kodi yenyewe inabaki kama 1,850. Mkononi unabaki na 29,500 hivi. Kama ulisoma kwa mkopo wa HELB, nao unakungoja mlangoni.

Panga maisha yako kwa 29,000. Ile 35 ni ya kumwambia mjomba.

#4 TuktukYaLolwe
Umesahau NHIF mhasibu.

#5 Mhasibu_Mtoro
@TuktukYaLolwe NHIF, ile bima ya afya ya zamani, ilizikwa Oktoba 2024 ndugu yangu. SHIF nimeitaja mstari wa tatu. Punguza mwendo ukisoma, hapa si Kondele raundabauti.

#6 MamaWaMigosi
Mwanangu hongera, wasikuvunje moyo. Mimi nina nyumba chache za kupangisha, kwa hiyo nitasema kama mwenye nyumba na wenzangu watanisamehe.

Usilipie nyumba uliyoiona kwenye simu. Njoo siku moja kabla, lala kwa mtu au gesti, tembea kwa miguu. Kwa mshahara wako angalia Migosi, Kanyakwar, Mamboleo, hata Nyamasaria kama hujali msongamano wa asubuhi. Bedsita yenye choo ndani siku hizi ni 6,500 hadi 9,000 kutegemea maji na usalama. Manyatta utapata chumba kimoja kwa 3,500 lakini choo ni cha plot nzima. Nyalenda ni rahisi zaidi, ila uliza majirani, usimuulize keateka, yaani msimamizi wa nyumba, Mto Auji ukijaa maji yanafika wapi. Keateka atakuambia hayafiki.

Ghorofa ya mwisho juu kabisa kataa hata ukipunguziwa elfu moja. Slabu inanyonya jua mchana kutwa, halafu saa nne usiku ndiyo inakurudishia. Dirisha linalotazama magharibi nalo ni vivyo hivyo.

Maji fungua bomba ukiwa hapo. Ukiona mitungi mingi imepangwa koridoni wakati mwenye nyumba anakuambia maji ni ya kila siku, hiyo mitungi ndiyo ya kuamini.

Halafu ile 40,000: nyumba ya 7,500 utaingia kwa 15,000 pamoja na dipositi, na wengine wanataka ya maji na ya stima juu yake. Ukilipa zote inabaki kama 23,000. Hapo kuna godoro, meko ya gesi ya kilo sita, ndoo, sufuria, neti, na kula mwezi mzima kwa sababu mshahara utalipwa mwisho wa mwezi, si ukifika. Kitanda kinaweza kungoja. Godoro chini kwa mwezi mmoja halijaua mtu.

#7 JaNyalenda
@MamaWaMigosi asante mama. Ila Nyalenda umetuchafulia jina, si kote mafuriko. Nyalenda A kuna sehemu ni kavu kabisa.

#8 MamaWaMigosi
@JaNyalenda ndiyo maana nikasema aulize majirani, baba.

#9 KibarazaCha_Mvita
Salaam. Mimi ni mtu wa Pwani, kazi imenileta Kisumu miaka kadhaa sasa. Wabara wakiniambia Kisumu kuna joto huwa nawatazama tu. Joto la Mombasa lina unyevu, shati linakushika. Hapa jua ni kali lakini jioni upepo wa ziwa unavuma, na mvua ikija inakuja na radi zake unalala vizuri. Kijana wa Nakuru atateseka wiki mbili tatu kisha atazoea. Nunua feni, basi.

#10 TuktukYaLolwe
Feni na stima ya siku hizi? Tokeni ya 500 inaisha wiki.

#11 FundiWaya
@TuktukYaLolwe feni inasingiziwa. Feni ya kawaida ni wati 50 hivi. Iwashe kwa muda wa saa kumi kila usiku, ni nusu uniti. Mwezi mzima uniti 15. Kinachokula tokeni ni pasi, koili ya kuchemshia maji, na jirani aliyejiunga kwenye waya wako.

Kitu cha kuangalia ni hiki: wastani wako wa mwezi ukibaki chini ya uniti 30 unalipa bei ya chini kabisa, ukivuka unahamishiwa bei ya juu, na wastani unapigwa kwa miezi mitatu. Kwa hiyo feni uniti 15, taa na simu uniti chache, redio, bado uko salama. Ukianza kuchemsha maji ya kuoga kwa koili umejihamisha mwenyewe. Na Kisumu nani anaoga maji moto?

#12 MtuWaFreeArea
Asanteni sana. @MamaWaMigosi nimeandika yote kwenye daftari. @FundiWaya mimi huoga maji moto 😅

Lakini swali la kwanza hamjajibu. Kwa nini ni ghali?

#13 Ratili_na_Nusu
Jibu ni moja: mashirika. Toka zamani Kisumu imejaa miradi ya ukimwi, malaria, watoto, maji. Mtu analipwa mshahara wa kizungu, anapanga Milimani au Riat, mwenye nyumba anapandisha, na aliye Migosi akiona Milimani imepanda naye anapandisha. Ukaongeza serikali ya kaunti tangu 2013 na wanakandarasi wake. Bei za Kisumu ziliwekwa na watu wasiolipa kwa pesa zao.

#14 DadaWaPolyview
@Ratili_na_Nusu hiyo ilikuwa kweli zamani. Mwaka 2025 pesa ya Marekani ilikatwa, watu wengi wa miradi wakarudishwa nyumbani, nyumba Milimani zikawa na mabango ya kupangisha. Kodi ya bedsita yangu imeshuka? Haijashuka hata shilingi. Tafuta sababu nyingine.

#15 Ratili_na_Nusu
Kodi ikipanda haishuki popote duniani. Hilo halinipingi.

#16 ViaziVyaMolo
Mimi ni mfanyabiashara, nauza viazi Kibuye. Acheni mashirika. Angalieni sahani. Viazi vinatoka Molo na Nyandarua. Sukuma na ndizi, Kisii na Nyamira. Mayai mengi ni ya Uganda. Maziwa yanashuka kutoka Nandi na Kericho. Kitunguu kinavuka mpaka kutoka Tanzania. Kila kitu kimelipa lori, dizeli, ushuru wa kaunti tatu na kijana wa kubeba. Nakuru unakula kitu kilicholimwa unapokiona. Hapa unakula nauli.

Udongo mweusi wa Kano ni wa mpunga na miwa. Ukipanda kabichi mvua inaibeba, kiangazi kinaipasua.

#17 JaKano
Udongo wetu umekukosea nini? Kano wanalima tikiti, nyanya, mtama, pilipili hoho pia. Shida ni kwamba nyanya ya Ahero inapita Kisumu ikielekea kwa mwenye bei nzuri.

#18 ViaziVyaMolo
Basi tunakubaliana, haifiki sahani ya Kisumu.

#19 MtuWaFreeArea
Na samaki? Mtu hawezi kuniambia samaki pia anatoka Molo.

#20 DadaWaPolyview
Uko tayari kuumizwa roho? Sehemu kubwa ya samaki wanaouzwa jijini ni ngege (tilapia) waliogandishwa kutoka China. Wamo sokoni wazi kabisa, katoni kwa katoni, na ni rahisi kuliko wa ziwani. Mbuta mzuri anapelekwa kiwandani, minofu inatolewa, inapanda ndege kwenda Ulaya na kwingineko. Kinachobaki ni mifupa na kichwa, ndiyo ile mgongo wazi inayokaangwa Obunga.

#21 JaNyalenda
Na mgongo wazi ikikaangwa vizuri huwezi kurudi kwa minofu. Nasema hivyo bila aibu.

#22 KibarazaCha_Mvita
Mgongo wazi ni mifupa jamani. Njooni Pwani mle samaki mwenye nyama.

#23 JaNyalenda
@KibarazaCha_Mvita wewe uliyekimbia hao samaki wenye nyama ukaja kutafuta mshahara hapa? Nyamaza kidogo.

#24 KibarazaCha_Mvita
😂😂 Umenipata. Lakini omena, wale dagaa wa ziwani, nakubali. Omena wa kukaushwa, nyanya, kitunguu, maziwa kidogo, ugali wa mtama. Ni chakula cha mshahara wa 35,000 na hata wa 350,000. Kijana anunue omena wa gorogoro moja kila mara, asinunue wa kupimiwa kwa kikombe kila jioni.

#25 Baba_Wawili
Nimesoma yote. Mnazungusha mtoto wa watu. Kisumu pesa inaisha kwa sababu ya nyumbani. Ukifanya kazi Nairobi, nyumbani ni mbali, wanakupigia simu. Ukifanya kazi Kisumu na nyumbani ni Siaya, Bondo, Ugenya, Nyakach, wanakuja wenyewe. Binamu amekuja hospitali kubwa ya hapa tunayoiita Russia, atalala kwako. Shangazi amekuja kutafuta karatasi ofisi ya kaunti, atalala kwako na utampa nauli ya kurudi. Jumamosi kuna matanga, mchango, na lazima uonekane. Mimi mshahara wangu unaishia barabara ya Busia.

#26 Mhasibu_Mtoro
@Baba_Wawili hiyo ni sababu ya wewe kufilisika, si ya Kisumu kuwa ghali. Mleta uzi kwao ni Nakuru. Nani atamfuata kulala bedsita?

#27 Baba_Wawili
Subiri apate rafiki wa kike kutoka Gem. Mtaniambia.

#28 MamaWaMigosi
Baba Wawili 😂 umeanza.

Mimi kuhusu kodi nina sababu yangu, na hakuna aliyeitaja. Ardhi. Manyatta na Nyalenda ni ardhi za koo. Mji ulipanuliwa miaka ya 1970 ukawakuta watu wako kwao, wana hati zao, makaburi ya wazee wao yako uani. Huwezi kununua ekari mbili pale ukapandisha ghorofa kumi kama watu wa Pipeline Nairobi. Kila familia inajenga vyumba vinne, sita, kidogo kidogo. Nyumba nzuri kwa hiyo ni chache, zote ziko mitaa ile ile michache, na vijana wote wenye kazi wanazigombania. Wanafunzi wa Maseno na vyuo vingine wanaongezea.

#29 DadaWaPolyview
Hii ya ardhi ina mantiki kuliko ya mashirika.

#30 Ratili_na_Nusu
Ina mantiki kwa sababu imetoka kwa mwenye nyumba. Mwenye nyumba hawezi kusema kodi iko juu kwa tamaa.

#31 MamaWaMigosi
Tamaa ipo. Sijakana.

#32 Mswaki_Mweupe
Mtu wa Nakuru anaonywa kuhusu maji ya Kisumu wakati amekulia kwenye visima vya floridi ya kupaka meno kahawia? Tuonyeshe meno kwanza.

#33 MtuWaFreeArea
@Mswaki_Mweupe meno yangu ni ya kahawia kidogo na nayapenda. Ni kitambulisho.

Nimesikia pia malaria. Kuna aliyeniambia inaletwa na maembe na mvua ya Machi.

#34 Nesi_wa_Zamu
Malaria hailetwi na embe wala mvua wala kuoga ziwani. Ni mbu, jike la anofelesi, anauma usiku. Mvua inamwachia madimbwi ya kuzalia, na maembe yanaiva wakati wake, watu wanayaunganisha. Ila usiichukulie mzaha: ukanda wa ziwa ndio unaoongoza Kenya nzima. Wewe umekulia mita zaidi ya 1,800 juu ya bahari, Kisumu ni 1,130 hivi, mwili wako haujakutana na vimelea hivyo mara kwa mara kama wa aliyekulia hapa. Mwenzako wa kazini anaweza kusema ni homa tu, akameza panadol, akaja kazini. Wewe itakulaza.

Neti iliyotiwa dawa, kila usiku, hata siku ya joto. Ukipata homa pima kwanza, usinunue dawa kwa kukisia, na ukipewa dozi imalize.

#35 TuktukYaLolwe
Si anafanya kazi stoo ya dawa? Atajichukulia.

#36 Nesi_wa_Zamu
Ajichukulie afukuzwe kabla ya majaribio kuisha? Mpe ushauri mwingine.

#37 MtuWaFreeArea
Sawa. Kuna jambo lingine, naliuliza kwa heshima. Jina langu la pili ni la Nyandarua. Mama yangu hajasema wazi, lakini naona ndilo linalomkosesha usingizi. Anakumbuka ghasia za kikabila za baada ya uchaguzi, mwaka wa 2008.

#38 ViaziVyaMolo
Jina langu pia ni la huko. Nimeuza Kibuye kwa muda mrefu, watoto wangu wanaongea Dholuo kunishinda mimi. Sokoni watu wanakuuliza bei, hawakuulizi jina. Nikipatwa na msiba waliokuja kwanza ni wanawake wa meza za jirani. Mwaka wa uchaguzi mimi husafirisha mzigo mdogo, nafunga wiki ya kura, naenda kusalimia mama Molo, hali ikitulia narudi. Mwambie mama yako ukweli huo wote, pamoja na hiyo sehemu ya mwisho.

#39 JaNyalenda
Omera, mwambie mama tutakuangalia. Jifunze salamu tu, "oyawore" asubuhi na "oyimore" jioni, hata keateka atakupunguzia maneno.

#40 Baba_Wawili
Naongeza. Usipange nyumba inayotazama barabara pale Kondele. Si kwa sababu ya jina lako. Maandamano yakianza kitoa machozi hakiulizi nyumba ya nani, na siku hiyo huendi kazini. Ingia ndani ndani, au vuka uende Migosi.

#41 Wakili_Bila_Joho
Nimechelewa. Kuhusu dipositi: chukua risiti, piga picha kuta, bomba na vioo siku ya kuingia, mwenye nyumba akiwepo. Wengi hunyimwa dipositi wakihama kwa kisingizio cha rangi. Mimi nilinyimwa yote na nyumba niliiacha inang'aa.

#42 Ratili_na_Nusu
Si unampeleka kwenye baraza la kodi za nyumba tu?

#43 Wakili_Bila_Joho
@Ratili_na_Nusu sheria ile ya kudhibiti kodi inahusu nyumba za makazi ambazo kodi yake haizidi 2,500 kwa mwezi. Kiwango cha zamani mno. Bedsita ya 7,500 haimo. Njia yako ni Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi milioni moja na huhitaji wakili. Risiti na zile picha ndizo ushahidi wako.

#44 MamaWaMigosi
Rangi huwa ni kweli wakati mwingine. Wapangaji wanabandika mabango na gundi ya ajabu.

#45 Wakili_Bila_Joho
Mama, ndiyo maana nikasema picha.

#46 MtuWaFreeArea
Swali dogo. Godoro, meza na baiskeli yangu niziache au nije nazo? Matatu wameniambia watanichaji mzigo kama abiria wawili.

#47 Mhasibu_Mtoro
Uza, ununue Kibuye.

#48 ViaziVyaMolo
Usiuze. Malori ya viazi yanashuka kupitia Mau Summit na Kericho kila siku, yanafika Kibuye alfajiri. Juu ya magunia kuna nafasi ya godoro na baiskeli, dereva unampa chai. Funga godoro kwa nailoni mbili, maana Kericho mvua haikosi. Nitumie ujumbe pembeni nikuambie siku ya lori langu. Na usifike Jumapili ukitegemea kupata mkokoteni, hiyo ndiyo siku kubwa ya soko, hutapita hata wewe mwenyewe.

#49 JaKano
Baiskeli lete kabisa. Kisumu ni tambarare, utaokoa nauli ya boda. Ukipanga Riat ndiyo utaisukuma.

#50 DadaWaPolyview
Kwa hiyo ni ardhi, lori, mashirika au shangazi wa Baba Wawili?

#51 Baba_Wawili
Shangazi.

#52 Ratili_na_Nusu
Mashirika. Na tamaa.

#53 ViaziVyaMolo
Lori. Nauza viazi, najua ninacholipa.

#54 KibarazaCha_Mvita
Mbona mimi naona Kisumu ni rahisi kuliko Nyali?

#55 Mhasibu_Mtoro
Kila mahali ni rahisi kuliko Nyali. Kijana, andika hapa umepanga wapi na kwa ngapi ukishafika, maana kuna niliyewekeana naye dau la 200 kwenye hii mada.

#56 MtuWaFreeArea
Naelekea Migosi au Kanyakwar, kikomo changu ni 7,500. Lori nimeshaongea na @ViaziVyaMolo. Mama amesema ataniongezea blanketi, nimejaribu kumweleza.

#57 Mgeni_Lurambi
Wakuu samahani kuingilia. Mimi nimepata Kakamega, 28,000. Inatosha?

#58 FundiWaya
Huko kodi ni nafuu kidogo ukikaa mbali na chuo cha Masinde Muliro, na feni huihitaji. Ila mvua ni kila alasiri, nunua buti kabla ya godoro. Fungua uzi wako lakini, huu bado tunabishania samaki.